Safari ipi? Nilivyofunzwa orodha, seti na kamusi na kontena za Kilindini

Jioni ile nilibaki ofisini peke yangu. Wenzangu wa Likoni walikuwa wameshateremka kuwahi feri, taa za barabarani zimeanza kuwaka, nami niko mbele ya kompyuta nangoja programu yangu imalize kazi. Ofisi yetu ilikuwa ya uwakala wa forodha, ghorofa ya tatu, hatua chache kutoka Barabara ya Moi. Kwa miaka minane nilikuwa nimefanya kazi ya kutoa mizigo ya watu bandarini: hati, stakabadhi, simu za madereva, na kwenda na kurudi Kilindini, bandari ya Mombasa, juani. Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nilijifunza usiku, baada ya watoto kulala.

Swali nililopewa lilikuwa jepesi kulisema. Mwenye ofisi alitaka kujua, katika kontena zote tulizowatoza wateja kwa miaka sita, ni zipi ambazo hazina rekodi ya kutoka getini. Mistari ya ankara ilikuwa 38,000 hivi. Rekodi za geti zilikuwa kama 85,000, kwa kuwa kontena moja huandikwa ikiingia, ikitoka, na tena ikirudishwa tupu. Nikaandika hivi:

for namba in ankara:
    if namba not in geti:
        hazikuonekana.append(namba)

Niliipenda mistari hiyo mitatu. Inasomeka kama usemi wa mtu: kwa kila namba iliyomo kwenye ankara, kama haimo kwenye rekodi za geti, iweke kando. Nikaiendesha. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Ilipofika ya nne na ushei ndipo jibu likatoka. Nikagundua safu moja ilisomwa vibaya, nikarekebisha, nikangoja dakika nne nyingine. Usiku ule niliiendesha mara kumi na kitu, na nilifika nyumbani chakula kimepoa.

Kilichokuwa kinanichelewesha ni kwamba geti lilikuwa orodha. Orodha ya Python ni kitu kizuri mno. Hata leo ndiyo ninayoanza nayo karibu kila kazi. Hushika vitu kwa mpangilio ulivyoviingiza, huongeza kitu mwishoni bila taabu, na ukiitaka nafasi ya 500 hukupeleka moja kwa moja hadi nafasi ya 500. Lakini ukiiuliza "unayo namba hii?" haina njia ila kuanza mwanzo na kuangalia moja moja. Isipokuwemo, imeangalia zote 85,000 ndipo ikasema haimo. Zidisha hiyo kwa 38,000 na, hali ikiwa mbaya kabisa, utapata zaidi ya ulinganishi bilioni 3. Kompyuta ilikuwa haijakosea chochote. Ilifanya kazi niliyoiomba, na mimi ndiye niliyeomba kazi ya kubeba maji kwa kijiko.

Rafiki yangu mmoja anayefundisha hesabu Kisauni aliniambia nitumie seti. Seti haiangalii moja moja. Hulichukua neno lenyewe, hulipigia hesabu na kupata namba, hesabu tunayoiita heshi, kisha namba hiyo huionyesha sehemu ya kutazama. Ikiwa na vitu mia au laki, kwa kawaida huangalia pale pale au jirani yake tu. Nikabadilisha kwa haraka, nikaandika if namba not in set(geti), nikaiendesha. Ikawa nzito kuliko mwanzo!

Nilikaribia kuamini kwamba rafiki yangu amekosea. Kumbe nilikuwa nimeweka ujenzi wa seti ndani ya mzunguko, yaani ile mistari ya for inayorudiwa kwa kila namba. Kila namba ya ankara ilipofika, Python ilikuwa ikizikusanya zote 85,000 na kujenga seti mpya kabisa, inauliza swali moja, kisha inaitupa. Nilipoijenga seti mara moja tu, juu, kabla ya mzunguko kuanza, kazi nzima ilikwisha kabla sijaondoa kidole kwenye kibonye. Nilikaa nikiitazama skrini. Nakumbuka nilimpigia simu dada yangu nimweleze, naye hajui programu hata kidogo, lakini alifurahi kwa sababu nilifurahi.

Kosa hilo nimeliona kwa watu wengi tangu siku ile, na ndiyo sababu nalitaja kirefu. Mtu huambiwa "seti ni nyepesi", naye huichukua sifa ile kama hirizi. Wepesi wa seti hupatikana kwenye kuuliza. Kuijenga kuna gharama yake, na hula nafasi kubwa zaidi ya kumbukumbu kuliko orodha. Ukiuliza swali moja tu na kuondoka, orodha inakutosha.

Baada ya wepesi yakaja majibu ya uongo. Programu ilinipa kontena mia kadhaa ambazo eti hazikutoka getini, na nyingine nilizikumbuka, nilizitoa mimi mwenyewe. Namba ya kontena inafuata kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 6346: herufi nne, tarakimu sita, na tarakimu moja ya mwisho ya kukagua. Karani mmoja aliandika CSQU3054383. Mwingine akaandika CSQU 305438 3, kwa nafasi. Wa tatu akaweka herufi O mahali pa sifuri. Kwa jicho la mtu wa bandarini hiyo ni kontena moja. Kwa seti ni vitu vitatu visivyojuana, maana heshi hupigwa kwa herufi zilizoandikwa, haijui makusudio. Ikabidi kila namba niisafishe kabla haijaingia popote: ondoa nafasi, kuza herufi, kisha kagua ile tarakimu ya mwisho. Ukaguzi wenyewe ni mzuri. Kila herufi ina thamani yake, kila nafasi huzidishwa kwa 1, 2, 4, 8 na kuendelea hadi 512, unajumlisha, unagawanya kwa 11, na baki ndiyo tarakimu ya kukagua. Baki ikiwa 10, huandikwa 0. Kwa namba hiyo niliyoitaja jumla ni 6,185 na baki ni 3. Zilizoshindwa mtihani huo niliziweka kwenye orodha ya kando, zikaangaliwa kwa macho.

Sasa nifike kwenye lile lililoniuma.

Mwenye ofisi aliporidhika, aliniomba nitengeneze programu ya kukokotoa siku ambazo kila kontena ilikaa, ili tujue malipo ya hifadhi, ile tunayoiita storeji. Nilijua nahitaji kamusi. Kamusi ni ndugu ya seti: hutumia heshi vilevile, ila kila ufunguo unakuwa na kitu kilichofungwa nao. Nilisoma rekodi za geti nikaandika kila tarehe ya kutoka kwa namba ya kontena:

kutoka[namba] = tarehe

Ikaenda kwa kasi. Nikaijaribu kwa kontena kumi nilizozichagua mwenyewe, zote zikatoka sawa. Nikaamini. Hesabu zikaingia kwenye barua, na barua zikaenda kwa wateja.

Baada ya siku tatu akapiga simu mfanyabiashara mmoja wa Kampala. Ni mtu mpole, tulikuwa tumefanya kazi naye miaka. Hakupaza sauti. Alisema, "Dada, mzigo wangu ulikaa hapo siku sita. Nyinyi mnaniambia siku mia na sitini. Mimi nimekosa nini kwenu?" Sauti ile nilikwenda nayo nyumbani.

Nilikaa asubuhi nzima nikipitia mistari ya programu, sikuona kosa. Aliyeliona ni mzee mmoja wa ofisini tuliyekuwa tukimwita Ami. Ujanani alikuwa karani wa kuhesabu mizigo melini, na hadi wakati ule alikuwa akiweka daftari lake la mkono, jalada gumu, kurasa zimepigwa mistari kwa rula. Nilimwendea na kikombe cha kahawa.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Uso wako wa nini?"

Nikamwonyesha kontena ya yule wa Kampala kwenye skrini. Aliitazama namba, akavuta daftari, akapekua.

"Hii wasema imekaa siku mia na sitini. Safari ipi?"

"Safari vipi, Ami? Kontena ni hii hii."

"Kontena ni hii hii, lakini imekuja mara mbili. Mwezi wa tatu ilikuja na mzigo wa huyu. Ikaenda Kampala, ikarudi tupu, ikapakiwa, ikaenda zake. Mwezi wa nane ikaja tena na mzigo wa mtu mwengine kabisa. Wewe huyu wa mwezi wa tatu umemtoa na geti la mwezi wa nane."

Nilihisi joto shingoni. Nilikuwa nalijua jambo hilo! Kila mtu wa Kilindini analijua. Kontena kwa kawaida ni ya kampuni ya meli au ya kampuni inayozikodisha, huzunguka dunia, leo imebeba matairi, kesho mchele. Namba yake ni jina la lile sanduku la chuma, wala si jina la mzigo uliomo. Miaka minane nimeyajua hayo kwa miguu yangu, na nilipokaa kwenye kompyuta niliyasahau, kwa sababu namba ilionekana kama ufunguo mzuri.

Na kamusi haikuniambia kitu. Hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike. Ukiipa kamusi ufunguo ambao tayari inao, haikatai wala haionyi. Hufuta cha zamani na kuweka kipya. Kwa kazi nyingi hiyo ndiyo tabia unayoitaka. Bei ya jana ifutwe na bei ya leo. Kwa kazi yangu ilikuwa inafuta safari za watu. Nilipohesabu, mistari iliyoingia ilikuwa mingi mno kuliko funguo zilizobaki, na pengo hilo lingeniambia kila kitu mwanzoni kama ningeangalia len, yaani idadi ya vilivyomo, ya pande zote mbili. Tangu siku ile, kila ninapojenga kamusi kutoka kwenye rekodi, mstari unaofuata ni wa kulinganisha idadi. Sijawahi kuuacha.

Dawa ilikuwa kwenye daftari la Ami. Kila mstari wake ulianza kwa vitu vitatu: namba, meli, safari. Nikataka ufunguo wangu uwe vitatu hivyo pamoja. Nikaviweka kwenye orodha, [namba, meli, safari], Python ikakataa katakata: orodha haiwezi kupigiwa heshi. Nikaviweka kwenye tupli, yaani kwa mabano ya duara, ikakubali.

Nilidhani ni ubishi tu wa lugha, mpaka nilipofikiria yadi. Tuseme kontena imewekwa mahali pake na kitabu cha yadi kimeandikwa kwamba yenye namba hii iko safu hii. Halafu usiku mtu aje na rangi aibadilishe namba ubavuni. Kontena ipo, haijasogea, lakini hakuna atakayeipata kwa kitabu. Orodha inaweza kubadilishwa baada ya kuingizwa. Ikibadilika, heshi yake nayo ingebadilika, na kitu kingepotea kikiwa ndani. Tupli ikishaundwa haibadilishwi, na maadamu vilivyomo ndani yake navyo havibadiliki, inafaa kuwa ufunguo. Python inakukatalia mapema ili usije ukapoteza baadaye. Nilikuwa nikiiona tupli kama orodha iliyofungwa mikono. Siku hiyo niliiheshimu.

Yule wa Kampala tulimwandikia barua ya kuomba radhi na hesabu sahihi. Nilimpigia pia mwenyewe. Wengine kumi na wanne walikuwa wamepata hesabu mbovu, na tulizirekebisha zote wiki ile.

Ami aliniambia jambo jingine siku hizo, tukiwa tumesimama dirishani. Alisema kosa kubwa la kijana mgeni yadini ni kupanga kontena jinsi zilivyoshuka melini. "Kontena hupangwa kwa namna itakavyotoka," akasema. "Ukiiweka chini ile ya kesho, utahamisha nne za juu upate moja." Alikuwa anazungumzia chuma na kreni. Mimi nilikuwa nimeduwaa, kwa sababu alikuwa amenieleza kazi ya wiki zangu mbili. Data ilinijia kama safu kwenye faili, nikaiacha iwe orodha kwa kuwa ndivyo ilivyoshuka. Sikujiuliza itatokaje, nitaiuliza nini, mara ngapi.

Makosa mengine yalikuja, ila hayakuniumiza hivyo. Nilitumia defaultdict, aina nyingine ya kamusi, kukusanya kontena za kila mteja, kwa sababu hukuundia orodha tupu pale unapogusa ufunguo mpya, na kweli ni raha. Lakini huiunda hata ukigusa kwa kusoma tu. Ripoti ikatoka na wateja wasio na kontena hata moja, na wawili walikuwa majina niliyoyakosea kuandika nilipokuwa natafuta. Siku hizi nikitaka kusoma tu, hutumia get, ambayo husoma bila kuunda kitu, au huuliza kwanza kwa in. Mara nyingine nilifuta vitu kwenye orodha huku naipitia, nikashangaa baadhi vinarukwa: ukifuta cha tatu, cha nne husogea mahali pake, na mzunguko unakwenda kwenye nafasi inayofuata. Kamusi katika hali hiyo angalau hulalamika na kusimama. Jibu langu ni lile lile kwa zote mbili: jenga mpya ya vile unavyovitaka, ya zamani iache.

Kuna moja lililogusa uaminifu wa watu, nalo ni mpangilio wa seti. Nilichapisha kontena zilizobaki moja kwa moja kutoka kwenye seti. Asubuhi mwenye ofisi akapata karatasi yenye mpangilio mmoja, mchana ikatoka ile ile kwa mpangilio mwingine. Namba zilikuwa zile zile, lakini akaniuliza kama nina hakika. Na alikuwa na haki ya kuuliza. Tangu Python 3.3 heshi ya maneno huchanganywa upya kila programu inapoanzishwa, kwa ajili ya usalama, ili mtu mbaya asiweze kuandaa funguo zinazogongana kwa makusudi na kuilemea mashine. Kwa hiyo seti ya maneno haina mpangilio wa kutegemea. Kamusi ni tofauti: tangu toleo la 3.7 lugha yenyewe inahakikisha kwamba inakumbuka mpangilio wa kuingizwa. Nikaweka sorted, ya kuzipanga namba, kabla ya kuchapisha, na maswali yakakoma. Mtu anayepokea karatasi anaijua kazi yako kwa karatasi hiyo tu.

Vilevile niliandika foleni ya malori yanayongoja kuingia getini, wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kuitwa, nikitoa wa mwanzo kwa pop(0). Kijana mmoja aliyesoma zaidi yangu aliniambia ni vibaya, kwa kuwa orodha ikitolewa kichwa, waliobaki wote husogezwa hatua moja, na kwamba nitumie deque ya maktaba ya collections, ambayo hutoa na kupokea pande zote mbili bila kusogeza mtu. Alikuwa sahihi, na nilibadilisha, kwa sababu deque inaeleza vizuri zaidi kwamba hii ni foleni. Lakini malori yetu yalikuwa sitini siku ya msongamano. Kwa sitini hakuna binadamu angeona tofauti. Nasema hili kwa sababu nimeona vijana wakikesha kuokoa mikrosekunde, huku ufunguo wa kamusi yao unameza rekodi za watu.

Hapo mwanzoni kabisa, kabla ya yote haya, nilikuwa nimejiundia chombo changu mwenyewe cha kuhifadhia kontena, darasa (class, aina ya kitu unayoibuni mwenyewe) la mistari mia mbili, lenye njia zake za kuongeza, kutafuta na kuhesabu. Nilijivunia. Mwenzangu alipotaka kukitumia, hakuweza kukipitia kwa for, wala kukipanga kwa sorted, wala kuuliza len. Kila kitu ilibidi anipigie simu. Mwaka 1956, tarehe 26 Aprili, meli ya mfanyabiashara Mmarekani Malcolm McLean iitwayo Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston na kontena 58. Masanduku yalikuwepo zamani; kilichobadilisha bandari za dunia, yetu ikiwemo, ni kukubaliana juu ya vipimo vya sanduku, pembe zake zishikike na kreni yoyote na likae kwenye lori lolote. Vyombo vya kawaida vya Python vina pembe hizo. Orodha, tupli, seti, kamusi na deque vyote hupitiwa kwa for, vyote huulizwa kwa in, vyote huhesabiwa kwa len. Darasa langu nililifuta, mahali pake nikaweka kamusi moja, na mwenzangu hakunipigia simu tena.

Ami amestaafu, yuko kwao Mtongwe. Mimi sasa nina chumba kidogo Majengo ambako Jumamosi huja vijana watano au sita kujifunza. Mwezi uliopita mmoja wao, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa akitengeneza programu ya mjomba wake mwenye tuktuk nne za kukodisha kwa madereva. Aliniletea kazi yake. Ilikuwa safi, majina ya kueleweka, mapato yote yamewekwa kwenye kamusi, ufunguo ni namba ya usajili ya tuktuk.

"Dereva akirudisha chombo saa saba," nikamwambia, "na mwenzake akakichukua saa nane?"

Akatazama mstari wake. Akaanza kujibu, akanyamaza.

"Safari ipi?" nikamuuliza.

Akavuta kiti, akafuta ufunguo ule, akafungua mabano ya duara.